Gari Jekundu Chini ya Bati

Chausiku mwanangu,

Marahaba. Hiyo ni ya shikamoo uliyonipa jioni mlangoni, mimi nikajifanya nakohoa. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa na hasira, na mzee mwenye hasira akiitikia marahaba humtoka kama tusi. Nikaona afadhali nikohoe.

Namsikia mama yako anafungua sanduku lako, analifunga, analifungua tena. Kila akifungua ama anatia kitu ama anatoa. Mambo ya shuka, sabuni na mafuta ya nazi amekwisha kukuambia yote, na akisahau moja atalipigia kelele treni ikiondoka. Kwa hiyo mimi sina la kukuagiza. Tena Tabora unakokwenda ni kwa watani zetu. Wakikuambia Wazaramo wavivu, waulize ni nani aliyekuwa akiwapokea walipofika pwani na mizigo vichwani, ndimi nje. Baada ya hapo jisemee mwenyewe, mdomo unao.

Nataka kuzungumza habari ya gari.

Najua umeguna. Guna tu, uko ndani ya treni, huwezi kuninunia. Na usinikosoe herufi. Mimi ni mtu wa darasa la pili la mkoloni, halafu kisomo cha watu wazima kwenye banda la chama, na cheti nilichopata mama yako alikifanya kifuniko cha mtungi. Alisema maji yamepata elimu.

Uliyoyasema leo nayarudia hapa, nisije kesho nikayapunguza makali. Ulisimama kati ya nyumba na banda, mkono kiunoni kama bibi yako, ukasema: "Baba, mimi naondoka. Gari linalala chini ya bati, mama analala chini ya makuti yanayovuja. Nikirudi likizo nikakuta bado iko hivi, nitashukia kwa shangazi Kisarawe. Hapa nitapita kusalimia, kama mgeni."

Mama yako akasema, "Chausiku, huyo baba yako!"

Ukasema, "Ndiyo maana namwambia. Angekuwa jirani ningenyamaza."

Nikakujibu kwamba hujui thamani ya kitu. Na wewe, bila hata kupepesa, ukaniambia, "Thamani gani, baba? Chuma kikizeeka ni kutu." Ukaenda zako kuoga. Nikabaki pale nimeshika fimbo kama mtu aliyeachwa na basi.

Tangu hapo sijakaa chini. Nimekwenda bandani, nimerudi. Nimetoka hata nje ya kijiji, nitakuambia nilikwenda wapi. Hata sasa naandika mistari miwili nasimama, kalamu nayo imekuwa kama siafu mkononi.

Lile gari, mwanangu, halikuanza kuwa kaburi. Lilikuja likiwa bibi harusi. Lilikuwa la Mgiriki mmoja, meneja wa shamba la mkonge upande wa Soga, tukimwita Bwana Stavro. Mimi nilikuwa dereva wake wa trekta, na Jumamosi muosha gari lake. Jekundu kama pilipili mbuzi, viti viwili, turubai juu, ringi za spoki kama baiskeli, na chini limeinama hivi kwamba ukikaa ndani unaona magoti ya watu. Barabara zetu za mchanga hazikulipenda hata kidogo. Likifika Misugusugu lilikuwa linaogelea. Lakini likikanyaga lami ya kwenda Dar es Salaam, lilikuwa linalia sauti ambayo mama yako mwenyewe, usimwambie nimesema, aliwahi kuacha kutwanga akasimama kuisikiliza.

Mashamba yalipochukuliwa na serikali, Bwana Stavro akafunga virago. Klachi ya gari ilikuwa imekufa, na hakukuwa na wa kulinunua, maana mwenye pesa alikuwa anaogopa kuonekana nazo. Akanipa ufunguo. Akasema, "Athumani, leo hili ni gari tu. Wewe litunze, litafika siku litakuwa kitu kingine." Nikamuuliza kitu gani. Akasema hajui, ila baba yake kwao alitupa kiti cha zamani jalalani, na uzeeni akakikuta kile kile sebuleni kwa tajiri, kimewekwa kamba watu wasikikalie.

Hicho kiti ndicho kilichoniharibu. Mimi sijawahi kukiona, lakini nimekiota mara nyingi.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Lori lilikuja kuchukua vyombo vyetu. Dereva akatazama gari, akatazama vitanda, akasema lori limejaa, vijana wakokote kimoja, kingine kibaki. Nikabakisha vitanda. Umesikia vizuri. Vijana wakalisukuma gari mpaka huku, siku nzima, na tulipofika katibu alikuwa anaandikisha mali za watu. Akalizunguka, akauliza, "Ndugu Athumani, hili ni la binafsi au la ujamaa?"

Nikamwambia, "Ndugu katibu, lina viti viwili tu. Ujamaa hauenei humo."

Watu walicheka mpaka kalamu ya katibu ikaanguka. Tangu siku ile jina langu likawa Mzee Spoti. Mimi nilijiona nimeshinda. Usiku huo mama yako alikulaza juu ya mkeka, na yeye akalala kwenye mchanga.

Halafu yakaja mabati. Kila kaya ilipewa machache ya kuanzia nyumba bora. Wenzangu wakaezeka hata kipembe cha nyumba, mvua ikija wanajibanza hapo. Mimi nikaezekea gari. Hoja yangu, na niliitoa mbele ya mashahidi, ni kwamba makuti hayapati kutu, na binadamu hapati kutu, chuma ndicho kinachopata. Sasa nani anahitaji bati? Nilitazamia mama yako atabisha, nikawa nimeandaa na majibu mengine. Alichukua ndoo yake akaenda kisimani. Masika ilipoanza alichukua sufuria ya wali, akaitega chini ya tone. Usiku kucha tone linasema ndani ya sufuria, na mimi nimelala macho, nasikiliza majibu yangu yote niliyoyaandaa hayana mtu wa kupewa.

Unataka kucheka? Ngoja nikupe la kucheka ukiwa huko njiani.

Kutu ilianza kuonekana kwenye milango. Rangi hakuna madukani, grisi hakuna, hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni. Nikakaa nikafikiri kama msomi. Nguzo za nyumba tunazipaka nini mchwa wasile? Mafuta ya maganda ya korosho. Na nguzo inakaa miaka. Basi kama yanazuia mchwa, yatashindwa kutu? Nikakaanga maganda siku mbili, moshi ukawafukuza majirani, nikalipaka gari zima, kuanzia taa mpaka nyuma, kwa mikono yangu, kwa mapenzi, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Asubuhi rangi ilikuwa imevimba malengelenge kama mtu aliyemwagiwa uji. Ule wekundu ukawa rangi ya ini. Na mikono yangu hivyo hivyo, ngozi inatoka kama ya nyoka. Siku zile nilikuwa siwezi kushika hata kijiko, mama yako ananilisha uji, na kila kijiko anasema polepole, "Haya, nguzo, fungua mdomo." Lakini nilitetee gari: mpaka leo halijaliwa na mchwa hata mmoja.

Tena usiseme hilo gari halikuwa na kazi, lilikuwa nayo. Mwali akitoka ndani anabebwa mabegani asikanyage chini, hilo unalijua. Mwaka mmoja wabebaji walikuwa wembamba na mwali alikuwa amenenepa sawasawa, amelishwa akashiba. Makungwi wakanijia: "Mzee Spoti, tupe kiti chako." Tukayapanga pembeni matofali liliyokalia, tukafukuza kuku waliokuwa wakitagia kiti cha dereva, mwali akakalishwa na kanga zake na shanga zake, wanaume wanasukuma, wanawake mbele na ngoma, vumbi mpaka kwa Mungu. Kutoka hapo, mpaka zamu yako, hakuna mwali wa kijiji hiki aliyebebwa mabegani. Petroli halijaonja tangu Mgiriki aondoke, na wilaya nzima ni gari langu peke yake ambalo halijawahi kuvunja amri ya kubana mafuta, ile ya kutotembea Jumapili mchana. Ilipofika zamu yako ukakataa. Ukasema utabebwa kama bibi yako alivyobebwa, au utembee. Nilikasirika kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimekwisha kulifuta vumbi.

Sasa mjomba wako Kondo. Uliona mwenyewe mwaka jana, alipotoka melini na lile gari lake la Kijapani, jipya, jeupe, bapa kama sahani, taa zake zinajificha kisha zinafumbuka kama kope. Akaja kulisimamisha mbele ya banda langu makusudi.

"Shemeji," ananiambia, "hili ndilo litakalokuwa tunu. Hilo lako ni kaburi la Mgiriki."

Nikamwambia, "Hilo lako ni redio yenye magurudumu. Nusu plastiki, nusu waya. Waya ukifa utamwita fundi au mganga?"

"Na lako enzi zake hawakusema hivyo? Hawakusema gari gani hili, halibebi hata gunia?"

Walisema. Mimi mwenyewe nilisema, siku ya kwanza kuliosha. Lakini sikumwambia Kondo hivyo. Nikamwambia afumbue taa zake tuone. Akafumbua, moja ikafumbuka, nyingine ikakataa, gari likawa linatukonyeza. Watoto wakaangua kicheko, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikacheka zaidi yenu, mjomba wako akaondoka na jicho moja mpaka Dar es Salaam.

Lakini lile swali lake liliniingia. Nilikuwa nadhani tunu inajulikana tangu ikiwa changa, kama mtoto wa kifalme. Nikamwekea swali hilo yule mwalimu mzungu wa pale Kibaha, mrefu mwenye ndevu nyekundu, anayesema Kiswahili kana kwamba kila neno amelipiga pasi. Unamjua, amekuja hapa mara tatu kulitaka gari na mara tatu nimemnywesha madafu nikamrudisha. Alipokuja mara ya tatu nikamuuliza: haya ya leo, kama la Kondo, yatakuja kutafutwa na wazee wa kesho?

Akasema, "Mzee, baadhi ndiyo. Lakini si yale ambayo watu wanayaficha leo wakingojea yawe ghali. Hayo yatabaki mengi, na kilicho kingi hakitafutwi. Yatatafutwa yale ambayo vijana wanayapenda sasa na kuyaendesha mpaka yanakufa, yakabaki machache. Wakizeeka watayatafuta, kwa sababu wanautafuta ujana wao."

Nikasema, "Basi la shemeji yangu litakuwa tunu. Analiendesha kama ameliiba."

Akacheka. Kisha akainama chini ya gari langu, akakaa huko kitambo, akatoka na uso wa daktari. Nikamuuliza, vipi, nimelitunza? Akasema, "Umelipenda. Lakini gari linaoza kwa kusimama, mzee. Mipira yote imekauka, breki zimekufa, pistoni zimeganda. Lingekuwa linatembea, hata kwenye mashimo, lingekuwa na afya kuliko hivi."

Alisema kwa adabu, huku anajipangusa mikono. Mimi nikamjibu mzaha fulani, siukumbuki. Lakini wewe unakumbuka wiki ile ndiyo uliyopata habari kwamba umechukuliwa Tabora kusomea mitambo ya treni, na mimi nikasema subiri mwaka mmoja kwanza, ukomae. Nilisema treni ni kazi ya wanaume wenye masizi. Nilisema Tabora kuna baridi. Nilisema kila lililonijia mdomoni. Siku ya tatu nilikuwa bandani nasogeza tofali chini ya gurudumu, lisidondoke, lisitikisike, nikalishika lile tofali mkononi nikalitazama, nikalirudisha. Nikaja ndani nikamwambia mama yako, mwache mtoto aende. Akaniuliza, "Nani kakuambia?" Nikasema hakuna. Aliniona nina vumbi la tofali, akanipa maji ya kunawa.

Basi leo, ulipokwenda kuoga, nilichukua fimbo nikatembea mpaka kwa yule mwalimu. Njia nzima nilikuwa nabishana na wewe kwa sauti, watu wa Sofu wakadhani gari sasa limemwingia Mzee Spoti kichwani. Pale mlangoni kwake nikageuka nikarudi hatua kadhaa. Nikaenda tena. Mbwa wake akachoka kubweka.

Nikamwambia, "Mwalimu, chukua gari."

Akaanza mambo ya bei. Nikamwambia pesa nitaipeleka wapi, madukani kuna kuta tupu. Nikamwambia nataka mabati. Anaondoka karibuni kurudi kwao, na nimeyaona yaliyoegemezwa nyuma ya nyumba yake, mapya, aliyanunua kwa ajili ya banda la ng'ombe ambalo hakulijenga. Akauliza nataka mangapi. Nikasema nyumba nzima, na jiko, na kama litabaki moja niezekee choo ili nijivunie. Akakubali upesi mno, mpaka nikajua nimepunjwa. Labda nimepunjwa sana. Labda iko siku, mimi nimeoza na wewe una wajukuu, utasikia gari jekundu la viti viwili limeuzwa huko Ulaya kwa bei ya Kisarawe yote pamoja na mihogo yake. Ukisikia hivyo usinililie wala usijilaumu. Mwulize tu aliyenunua kama lina harufu ya korosho.

Na la Kondo nalo, sibishi tena. Watu watalitafuta, hata lile jicho lake bovu watalitengeneza makusudi likonyeze. Nimeacha kujua kipi kitakuja kuwa tunu. Miaka yote nilikuwa mtu wa kulinda kesho ya kitu ambacho leo yake ilikuwa inavuja kwenye sufuria. Hilo sikufundishi, wewe ulilijua kabla yangu. Nakuambia tu kwamba nami nimefika, kwa miguu, nimechelewa.

Nilimpa mwalimu sharti moja. Ndilo lililonifanya nisikae chini usiku huu, maana wewe hulijui bado, na unaposoma hapa litakuwa limekwisha kukupata.

Kesho Landrova yake ikija kulivuta gari, haiendi moja kwa moja kwake. Inapita Soga, stesheni. Sanduku lako na mama yako ndani ya Landrova, kwa heshima zote. Wewe kwenye gari, kiti cha kushoto. Mimi kwenye usukani. Mwalimu aliniuliza, "Mzee, breki?" Nikasema hakuna. "Tairi?" Nikasema matatu yana upepo na la nne nimelijaza majani makavu kama baiskeli ya muuza mkaa. Akashika ndevu. Mwishowe akasema atafunga bomba la chuma badala ya kamba, ili akisimama nisimwingie mgongoni, na atakwenda mwendo wa maiti. Nikamwambia mwendo wa mwali unatosha.

Kwa hiyo nimeshindwa kulala nikiwaza: atakubali kupanda? Alipokuwa mwali alikataa. Leo ameniambia chuma kikizeeka ni kutu. Nikimfungulia mlango akapita moja kwa moja kwenye Landrova, nitafanya uso gani? Nimejaribu nyuso mbili tatu hapa kwenye kioo cha kunyolea, zote za mtu mwenye kikohozi. Nimefikiri nikuamshe nikuombe. Halafu nikaona hapana, ukipanda uwe umependa mwenyewe, na usipopanda basi nitakwenda peke yangu Soga nikiwa nyuma yenu, nikitazama kisogo chako kwenye kioo cha Landrova. Hilo nalo ni safari.

Wewe unasoma, wewe unajua ilikuwaje. Mimi huku sijui bado, na nakuonea wivu.

Vijana nimekwisha kuwaambia, keshokutwa tunashusha makuti. Mama yako hana habari. Ameniona naongea nao akaniuliza kuna nini, nikamwambia tunapanga mpira. Akasema, "Mpira, na magoti hayo?"

Basi likizo usiende kwa shangazi yako. Ila usije kiangazi, utaona nyumba tu. Njoo masika, ulale chumba cha mama yako, mvua ikianza mniite. Nitakuwa mlangoni, na kwa kelele za bati hamtanisikia nikiitika.

Baba yako,
Athumani